Paa Lisilofagiwa

Hebu nitegulie hiki kabla hujakaa sawasawa: anaingia mtaani bila miguu, anapanda paani bila ngazi, na ukimpa maji anageuka jiwe. Nani huyo? Umesema barafu? Barafu ukimpa maji anayeyuka, mjukuu wangu. Umesema konokono? Aa, konokono wa wapi huyo! Umeshindwa, nipe mji nikutajie. Ni vumbi la kiwanda cha saruji. Na kama unadhani nakutania, kaulize katika mtaa mmoja uliojibanza chini ya bomba la moshi kama vifaranga chini ya mama yao, ila huyu mama alikuwa anawanyea vichwani.

Katika mtaa huo, kila Jumamosi asubuhi, watu walifagia paa kabla ya kufagia uwanja. Baba wa nyumba alipanda na ufagio, mama akabaki chini amejiziba pua kwa mtandio, akipiga kelele: "Kwenye kona hujafika! Huko, huko kwenye mfereji!" Vumbi lilishuka kama unga mashineni. Hakuna aliyethubutu kuruka wiki. Mvua ikikuwahi, vumbi hushikana na bati kama limekandikwa na mwashi, na hapo ufagio haukufai tena. Utafute nyundo na patasi.

Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa imeacha kufagia. Nyumba ya Injinia.

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa mwendesha vichujio, yaani yale masanduku makubwa ya chuma chini ya bomba, yanayolinasa vumbi kwa nguvu ya umeme kabla halijatoka nje. Siku vilipofungwa mara ya kwanza, kiwanda kilifanya sherehe. Mkubwa mmoja alikata utepe, na mwendesha vichujio akavishwa kofia mpya akabonyeza kitufe mbele ya watu. Moshi ukatoka mweupe kama pamba. Tangu hapo mtaa ulimbandika jina hilo, nusu heshima, nusu kejeli. Na Jumamosi iliyofuata mke wake, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliuegemeza ufagio wa paani ukutani na kutangaza kwa sauti ya kusikika mbali: "Sisi basi! Vumbi sasa mume wangu analishika mwenyewe. Tukifagia si tutakuwa tunamtukana?"

Jirani wao wa ukuta kwa ukuta, waliyemwita Mama Redio kwa kuwa habari zote zilianzia kwake, alikuwa juu ya paa lake. "Hongera, mwenzangu," alijibu bila kuacha kufagia. "Mimi sijabahatika kupata mume wa kunishikia vumbi. Wangu hata nzi hawezi kumshika."

Walicheka wote wawili. Mama Redio akaendelea kufagia, Jumamosi hiyo na zote zilizofuata.

*

Siku paa lilipoanguka, mvua ilikuwa imeanza baada ya chakula cha mchana. Fundi alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, anamalizia sare za kwaya. Bibi, mama yake Injinia, alikuwa amejilaza chumba cha nyuma. Kwanza Fundi alisikia mlio kama wa mtu anayejikohoza ndani ya kuta. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Kisha nyumba nzima ikaruka.

Alipoufikia mlango wa chumba cha nyuma alikuta mbingu iko chumbani. Boriti ilikuwa imekatika katikati, mabati yananing'inia kama ndimi, mvua inamwagika juu ya kitanda. Bibi alikuwa amelala chali, amepakaa vumbi uso mzima, na kipande cha kitu cha kijivu, kinene, kimemkalia mguu.

"Mama! Mama jamani!"

"Usinipigie kelele, binti, masikio ninayo," Bibi alisema. "Niondolee huyu mtu mguuni. Nani amenimwagia zege?"

Majirani waliingia bila hodi. Ilibidi wanaume washikane kukinyanyua kile kipande. Walipokigeuza, upande wake wa chini ulikuwa na mawimbi ya bati, mazuri, yaliyonyooka, kama kimefinyangwa kwa makusudi. Mama Redio alikigonga kwa kisigino cha kandambili.

"Hili si vumbi tena," alisema. "Hii ni sakafu. Mlikuwa mnalala chini ya sakafu, jamani!"

"Sakafu ya Injinia," sauti moja ikasema nyuma, na mtu akacheka kisha akajifanya anakohoa.

Fundi alisikia. Alimfunika Bibi kwa sare za kwaya kwa sababu ndizo nguo kavu zilizokuwa karibu, na machoni mwa watu hakuthubutu kutazama.

Injinia alifika anahema, ovaroli imemganda mwilini. Alipiga magoti kwenye maji kando ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake. Bibi alimtazama kwa kitambo. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza kama chai imetiwa sukari:

"Mwanangu, ulijua?"

"Mleteeni blanketi," Injinia alisema. "Nani ana gari? Tafuteni gari!"

"Gari linatafutwa. Mimi nimekuuliza."

"Mama, usiongee, utachoka."

"Sijachoka."

Injinia aliuachia mkono. Alichukua ndoo iliyokuwa kwenye kona, akainama, akaanza kuzoa vifusi kwa vidole, kipande kimoja kimoja, kama mtu aliyedondosha pete. Watu walimwangalia. Aliendelea kuzoa mpaka gari lilipopatikana.

*

Mguu ulivunjika chini ya goti. Hospitali waliufunga plasta nzito na kumrudisha Bibi nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe kulikuwa wapi? Chumba cha nyuma kilikuwa bwawa. Fundi alisimama mlangoni kwa Mama Redio akizungusha kidole kwenye upindo wa nguo yake, anatafuta pa kuanzia.

"Mlete," Mama Redio alimkatiza. "Paa langu ni la kufagiwa, lakini linafunika."

Ilikuwa fadhila yenye mwiba ndani, na Fundi aliimeza hivyo hivyo.

Akina kwaya nao walikuja kuchukua vitambaa vyao. Mkubwa wao alizitazama sare zilizoingia matope, akazikunja kwa adabu na kuzitia kwenye mfuko wa rambo. "Si kwamba hatukuamini, Fundi," alisema. "Ni suala la paa tu." Baada yao alikuja mama mwingine, na mwingine, kila mmoja na suala lake la paa, hata cherehani ikabaki haina cha kushona.

Na Bibi alikuwa ameanza mgomo. Asubuhi Injinia alipomletea uji, aligeuzia uso ukutani. Uji uleule, kikombe kilekile, kilipopita mkononi mwa Fundi, aliunywa mpaka chini. Alipotaka kukaa, mwanawe alinyoosha mikono amnyanyue. Bibi alisema, "Mwite mkeo." Injinia alibaki na mikono yake hewani, hajui aiweke wapi.

"Mama, mwachie," Fundi alimwambia walipobaki wenyewe. "Yuko kama kuku aliyenyeshewa. Hali, halali, anazunguka tu nyumba."

"Na mimi je, nalala?"

"Ni maumivu hayo, mama. Plasta bado mbichi."

"Plasta naijua. Sikiliza, mwanangu. Akiniambia hakujua, nitalala. Akiniambia alijua, nitalia kidogo, halafu nitalala. Hiki cha katikati ndicho kinachoniuma kuliko mguu."

"Lakini angejuaje? Yeye si ndiye anayelizuia vumbi? Si ndiyo kazi yake?"

Bibi alijikuna juu ya plasta, mahali ambapo kucha haziwezi kufika. "Alipokuwa mdogo," alisema, "akivunja chombo hakuwa analia kama watoto wengine. Alikuwa anachukua ufagio."

Fundi alibeba kikombe akatoka nacho, akakiosha mara mbili.

*

Ofisa mmoja wa kiwandani alikuja na lori. Mtaani walimwita Bwana Tabasamu. Ndiye aliyetumwa kila mtu alipofiwa, alipoumia au alipopiga kelele, na meno yake yalitangulia kuingia kabla yake. Lori lilikuwa limebeba mabati mapya, yamefungwa kwa waya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Halikushusha kitu. Lilisimama tu pale nje, injini inanguruma, mtaa mzima ulione.

"Pole sana, Injinia. Pole, dada," alisema, akikalia kigoda cha cherehani. "Kiwanda kimeguswa. Sasa, Alhamisi tuna mkutano kantini. Mkaguzi wa mazingira anakuja, kuna watu wameandika barua. Atakuuliza maneno mawili matatu. Hatuombi uongo, Mungu apishe mbali. Sema tu kwamba bati lilikuwa la zamani na boriti imeliwa na mchwa."

"Mchwa gani?" Fundi aliuliza.

"Mchwa hawaonekani, dada. Ndiyo tabia yao. Na pia, samahani kusema, ninyi hamkuwa mnafagia. Hilo mtaa mzima unalijua."

"Hatukufagia kwa sababu mlisema vumbi limekwisha! Mlikata utepe!"

"Lilipungua, dada. Kupungua si kwisha." Alimgeukia Injinia, akamwekea mkono begani. "Na akiuliza vichujio, jibu ni lilelile la siku zote. Havizimwi. Au vinazimwa?"

Injinia alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Havizimwi," Bwana Tabasamu alijijibu mwenyewe. "Basi. Mabati yatashushwa Alhamisi, mkutano ukiisha. Mafundi wapo tayari na misumari mdomoni. Wewe pumzika mpaka siku hiyo, kazi yako ipo palepale."

Lori liliondoka na mabati yake. Fundi alilisindikiza kwa macho mpaka kona ya mwisho. Usidhani alikuwa na hasira peke yake. Alikuwa na tamaa pia. Alikuwa amekwisha kuyahesabu mabati yale kwa macho, akaona yanatosha chumba cha nyuma na baraza, na pengine hata jiko.

"Utasema mchwa," alimwambia mumewe.

"Boriti ile haikuwa na mchwa."

"Najua haikuwa nao. Watakushitaki, mchwa? Mimi nataka paa. Nataka watu warudi na vitambaa vyao. Haya simama, mimi ndiye mkaguzi." Alijitia futikamba shingoni, akakunja uso. "Bwana, paa lako lilikuwa na hali gani?"

"Lilikuwa... lina mchwa."

"Unasema kama mtu aliyemeza mmoja. Rudia."

"Lilikuwa na mchwa."

"Usiangalie chini! Mwenye mchwa haangalii chini, anaangalia juu, kwenye boriti."

Injinia alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, na kwa muda mdogo nyumba ile ilikuwa kama zamani. Kisha akaketi sakafuni na kujifunika uso kwa viganja.

*

Siku moja kabla ya mkutano walikuwa juu ya kuta za chumba cha nyuma, wanatandaza turubai. Injinia anapigilia, mkewe anashikilia. Mawingu yalikuwa yamebeba mzigo tangu asubuhi. Tone la kwanza lilipoanguka, Mama Redio kule chini alikimbilia kamba ya nguo, na kila aliyekuwa nje alitazama angani.

Injinia hakutazama angani. Alitazama bomba la moshi.

Fundi aliona, naye akageuza shingo. Moshi ulikuwa mweupe, mwepesi, kama wa siku ya utepe. Mvua ikashika kasi. Na hapo, mbele ya macho yake, ule weupe ukakatika. Ukatoka moshi mzito, wa kijivu, mnene kama ulimi wa ng'ombe, ukapanda kidogo tu, kisha mvua ikaupiga, ukalala juu ya mapaa ya mtaa mzima. Ni kama mtu alikuwa amefunua kifuniko.

Aliushusha uso kwa mumewe. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinabonyeza paja lake mwenyewe. Kinabonyeza, kinaachia.

"Nani yuko zamu?" aliuliza.

"Mwenzangu."

"Anafanya nini?"

Injinia alipigilia msumari.

"Mume wangu. Ule moshi."

Alishika msumari mwingine. Nyundo ilipiga pembeni, ikaukunja.

Fundi alianza kukumbuka, na kila alichokumbuka kilimvuta kingine. Mvua za mwaka mzima. Namna mtu huyu alivyoshindwa kutulia zikinyesha. Anaamka mezani, anakwenda chumba cha mama yake, anainua kichwa kutazama juu, anarudi. "Unatafuta nini?" "Naangalia kama kunavuja." Paa halikuwa limevuja hata tone. Lingevujaje? Lilikuwa linaongezeka unene.

Na yeye, Fundi, na mdomo wake, ndiye aliyeuegemeza ufagio ukutani mbele ya watu. Angewezaje mwendesha vichujio kumwambia mkewe aurudishe? Angempa sababu gani?

Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni, ya kijivu, na yalikuwa na ladha ya chokaa. Aliachia ncha ya turubai. Upepo ukalibeba.

"Kesho sema utakalo," alisema. "Sema mchwa, sema panya, sema hata popo walikuwa wanacheza ngoma mle ndani. Sitakufundisha tena. Ila mama nitamleta."

"Mguu wake..."

"Nitambeba."

*

Walimbeba kwenye kiti, Fundi upande mmoja, Mama Redio upande mwingine, wakikanyaga matope.

"Bibi, umekula nini wewe?" Mama Redio alilalamika. "Uzito wote huu!"

"Nimekula sakafu iliyonidondokea. Tembea."

Kantini ilikuwa imejaa mpaka madirishani. Viti vya mbele vilikuwa vimevishwa vitambaa kwa ajili ya wakubwa. Wale wanawake wawili hawakutafuta nafasi. Walikishusha kiti chao kwenye njia ya katikati, mbele kabisa, plasta ya Bibi imenyooka kama kizuizi cha barabarani.

Bwana Tabasamu aliwafikia haraka. "Bibi tumsogeze nyuma kidogo, kule kuna hewa."

"Hewa ya hapa naijua," Bibi alisema. "Niache."

Meneja alizungumza. Alizungumza kuhusu mapenzi ya kiwanda kwa majirani, kuhusu miti itakayopandwa, kuhusu ajira. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, viatu vyake vina matope mpaka kwenye kamba, ishara kwamba alikuwa amekwisha kuzunguka mtaani kabla ya kuja kukaa. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akamwita mwendesha vichujio.

Injinia alisimama. Kofia ilikuwa mikononi, anaizungusha kama usukani.

"Wewe ndiye unayeendesha vichujio?"

"Ndimi."

"Na nyumba iliyoanguka paa, ya nani?"

"Yangu."

Watu wa nyuma walicheka. Mkaguzi hakucheka. "Nieleze, bwana. Paa lako lilikuwa na hali gani kabla ya kuanguka?"

Fundi aligundua kwamba midomo yake mwenyewe inatengeneza lile neno. Mchwa. Dirishani aliliona lori limesimama, na waya uliofunga mabati. Alikuwa anayataka. Angekuwa muongo kusema hayataki. Alifikiria chumba cha nyuma kilivyokuwa, na cherehani iliyofunikwa gunia, na mshahara utakaokatika. Akabana midomo.

Injinia alitazama juu, kwenye boriti za kantini, kama alivyofundishwa. Alitazama muda mrefu.

"Bado ana mshtuko," Bwana Tabasamu alisema, ameshainuka. "Mniruhusu nieleze kwa niaba yake. Boriti..."

"Nimemuuliza yeye," mkaguzi alisema.

Bibi hakumtazama mwanawe. Alikuwa ananyoosha nguo juu ya plasta, anaondoa mikunjo ambayo haikuwepo.

Injinia aliiweka kofia juu ya meza ya wakubwa. Hakumjibu mkaguzi. Alipita mbele yake, akapita mbele ya meneja, akaja mpaka kwenye kile kiti na kuchuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa mama yake. Hakupaza sauti, lakini hata waliokuwa madirishani walimsikia.

"Mvua ikianza tu, simu inalia. Naambiwa zima, umeme ni ghali na kwenye mvua moshi hauonekani. Nazima. Siku ile pia ni mimi niliyezima, kwa kidole hiki. Nilikuwa naliona vumbi linavyolala juu ya mapaa ya watu, naliona na juu ya letu, na wewe uko chini yake. Nilijua, mama."